MLEZI ASIYE NA MSTARI DAFTARINI

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika kurasa zako niseme na makarani wenzangu, na wanachama wote kwa jumla, juu ya jambo ambalo kila mtu hulisifu kwa mdomo na wachache hulitia mkono. Jambo lenyewe ni vituo vya kulelea watoto mchana katika vijiji vya Iringa na Mbeya, na hasa yule mwanamke akaaye na watoto pale tangu asubuhi hata adhuhuri. Nasema wazi tangu mwanzo, ili msomaji asipoteze muda wake: vituo hivi vyafa, wala havifi kwa kukosa majengo au kwa ujinga wa wazazi. Vyafa kwa sababu mlezi hana malipo ya kudumu. Naye hana malipo kwa sababu hana mstari katika daftari. Na madaftari, ndugu zangu, tunayaandika sisi.

Tutazame kwanza mambo yalivyo huko vijijini. Mvua zianzapo mwezi wa Novemba au Desemba, mama hutoka alfajiri na jembe begani na kichanga mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu au minne, aliye mzito kubebwa na mdogo mno kwa njia ya shambani, huachwa nyumbani. Huachwa na nani? Na dada yake wa miaka minane, ambaye jina lake limo katika rejesta ya shule lakini mwenyewe hayumo darasani. Chakula chao ni ugali uliolala, au uji uliopoa chunguni. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kupokea kwa mlo mmoja chakula cha siku nzima. Lataka kujazwa kidogo kidogo, mara nne au tano. Yeye hupata mara mbili. Tena msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na ziko nyumba ambamo kikombe cha ulanzi hufanywa dawa ya kumnyamazisha mtoto aliaye njaa. Jioni mama hurudi amechoka, na bado maji, kuni na moto vyamngoja. Je, saa ya kusema na mtoto, kumhadithia na kumtajia majina ya vitu, ni saa gani?

Basi kituo cha kijiji ni jawabu la swali hili, nacho hakihitaji fahari. Chataka kivuli, mkeka, maji safi, choo, na sufuria la uji. Vitu vya kuchezea vimejaa kijijini: mabunzi ya mahindi, mbegu, vibuyu, na udongo wa mfinyanzi. Mtoto akipanga mbegu kumi kwa safu amehesabu. Akingoja zamu yake ya kushika kibuyu amejifunza adabu ya kuishi na wenzake. Akisikia hadithi kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, kisha akaisimulia tena, kidogo kidogo maneno ya Kiswahili yakiingia, amefungua njia ya kusoma kabla hajashika kalamu. Wazee wetu walisema: udongo uwahi ungali maji. Hawakusema uukaushe kwanza, kisha uutafutie mfinyanzi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana karani asiyetaja hesabu hasikilizwi. Utafiti wa taifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa 57 katika kila 100, nao ulikuwa wa kwanza nchini kwa aibu hiyo. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hata mwaka 2012, walikuwa 50. Angalieni ni nchi gani hii! Hii ndiyo nchi ya mahindi, maharage na viazi. Jirani yake Mbeya ina ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela na Usangu. Malori hupanda na kushuka barabara kuu yakichukua chakula chetu kwenda kulisha miji, na nyuma yao tumebakiza watoto wafupi. Kwa hiyo asitokee mtu akasema ni njaa ya ukame. Ghala limejaa, kilichokosekana ni mkono wa kumlisha mtoto kwa wakati wake, na jicho la kumtazama.

Wala mtu asiseme kwamba jambo hili halijulikani namna ya kulitengeneza, kwa maana lilitengenezwa hapa hapa. Mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, Serikali yetu ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito, na hesabu zao zikajadiliwa kijijini penyewe kabla ya kupelekwa juu: nani ameshuka, kwa nini ameshuka, na tufanye nini kabla ya kupima tena. Vituo vya kulishia na kulelea watoto vilifunguliwa, kwa kuwa wanakijiji wenyewe waliona kwamba kazi nyingi za mama ni moja ya sababu za mtoto kukonda. Je, matokeo yalikuwaje? Mwaka 1984 watoto wenye uzito pungufu walikuwa karibu 56 katika kila 100; mwaka 1988 wakawa 38. Wale waliokuwa katika hatari kubwa walishuka kutoka 6.3 katika kila 100 hata 1.8. Kipimo cha uzito si sawa na kipimo cha kimo, nami silinganishi hesabu hizi na zile za mwaka 2022 kama pishi kwa pishi. Lakini nasema kwamba kijiji kilichokuwa na daftari la kusomwa na kutendewa kazi kilibadili hali ya watoto wake katika miaka minne tu. Mwaka 1990 UNICEF ilipotengeneza mwongozo wake wa lishe kwa ulimwengu mzima, ilifuata mafunzo yaliyotoka Iringa. Ulimwengu ulichukua somo kwetu, na sisi wenye somo tukalisahau.

Kwa nini tulilisahau? Mimi naona sababu ni hii. Fedha za wafadhili zilipopungua, yale yaliyokuwa na mstari katika vitabu vya Serikali yaliendelea: mwalimu wa shule aliendelea, mganga aliendelea, karani aliendelea. Mlezi wa watoto hakuwa na mstari, akarudi shambani. Hakufukuzwa na mtu wala hakuandikiwa barua. Siku moja hakuja, na watoto wakatawanyika.

Mpaka leo hali ni hiyo. Tazameni jinsi mtoto wa miaka minne anavyogawanywa baina ya ofisi zetu. Kituo cha kulelea watoto mchana kimo mikononi mwa Ustawi wa Jamii. Ndivyo ilivyokuwa kwa sheria ya mwaka 1981, na ndivyo ilivyobaki baada ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kuifuta ile ya kwanza. Uji wake ni wa ofisi ya lishe. Kujifunza kwake ni kwa Elimu, lakini Elimu humpokea akifika darasa la awali, mwaka mmoja tu kabla ya darasa la kwanza. Jalada latoka kwa huyu kwenda kwa yule na maneno yale yale pembezoni: «Kwa utekelezaji wako», «Kwa ushauri wako», «Tafadhali tuongee». Nani kati yetu hakuyaandika? Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto mdogo, ya miaka 2021/22 hata 2025/26, iliyokusudiwa kuziunganisha ofisi hizi zote: afya, lishe, malezi, kujifunza mapema, na ulinzi. Neno jema sana. Lakini programu haipiki uji. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Nami nilipata kupeleka fomu za hesabu ya vituo katika wilaya moja ya nyanda hizi. Jina lake nalihifadhi. Fomu iliuliza: kituo kipo au hakipo? Jengo lina vyumba vingapi? Lina vyoo vingapi? Haikuuliza kama kuna mlezi, wala kama analipwa, wala kama watoto walikunywa uji wiki ile. Katika kijiji kimoja nilikuta jengo zuri la matofali, lenye picha za wanyama ukutani, na ndani yake magunia ya mbolea. Mlezi alikuwa shambani, akipalilia kwa kibarua. Wazazi walikuwa wamemwahidi debe la mahindi kila mavuno, na walioleta walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikamwuliza kwa nini ameacha. Akajibu, «Baba, watoto wa wenzangu walikuwa wakishiba na wangu wakilala njaa.» Katika fomu kituo kile kimeandikwa kwamba kipo.

Najua yatakayosemwa na wapinzani, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema: kulea watoto ni kazi ya mama na bibi tangu zamani, haina haja ya malipo. Namwuliza ndugu huyu, bibi wa zamani aliyeketi barazani na wajukuu yuko wapi leo? Yuko shambani analima, au analea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au mjini kutafuta kibarua. Kupika nako kulikuwa kazi ya mama tangu zamani, lakini mpishi wa shule ya bweni hulipwa. Kazi haikosi malipo kwa kuwa ni nyepesi. Yakosa malipo kwa kuwa aifanyaye hakualikwa kwenye kikao kilichogawa fedha.

Wa pili ni mtaalamu wa afya, naye nampa heshima yake. Atasema: udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, mtoto afikapo kituoni na miaka yake mitatu, maji yamekwisha mwagika. Asema kweli, lakini hakumaliza. Yule wa miaka mitatu akiwa kituoni, mikono ya mama inapata nafasi ya kumnyonyesha na kumlisha yule mdogo, ambaye ndiye hasa yumo katika hatari. Dada wa miaka minane naye hurudi darasani. Tena kituo ndipo mahali mama kumi wakutanapo kila asubuhi, na hapo ndipo waweza kuonyeshwa uji wa kimea, ambao nafaka iliyooteshwa huulainisha hata mtoto akapata unga mwingi katika kikombe kile kile. Ni wapi pengine kijijini utawapata mama hao kila siku bila kuwaita kwa ngoma?

Wa tatu atasema: darasa la awali lipo katika shule ya msingi, lina mwalimu, tena halina ada tangu mwaka 2016, kituo ni cha nini tena? Namjibu kwamba darasa lile ni la mwaka mmoja, na kipimo cha Serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Na apite katika madarasa ya vijijini ahesabu vichwa, kisha aniandikie. Mtoto asiyepata kucheza, kusema na kusikilizwa kwa miaka mitano hawezi kuponywa kwa miezi kumi katika chumba kilichojaa hata mlangoni. Na hapa nawaonya wazazi pia: kumlazimisha mtoto wa miaka mitatu kuandika a, e, i, o, u hata usiku, na kumchapa asipoweza, si elimu. Ni kumchukiza kalamu mapema.

Wa nne atasema: mwanamke wa kijijini hakusoma, atafundisha nini? Jawabu liko pwani yetu. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa ulianza mpango wa shule za awali katika madrasa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliofunzwa kazi wakiwa kazini, wakitembelewa na kusahihishwa, wakitengeneza vifaa kwa vitu vya kwao. Watoto waliotoka katika mikono yao waliingia shule wakiwa tayari. Mwanamke wa Kilolo au wa Rungwe amepungukiwa nini asiweze?

Wa tano, na huyu ndiye mkubwa, atasema: fedha hakuna. Hapa, makarani wenzangu, tusidanganyane, kwa kuwa vitabu tunavishika sisi. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa lishe, na mwaka 2022 wakatia tena sahihi mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, kutoka mapato yao ya ndani. Gawanyeni kwa siku 365: haifiki shilingi 3 kwa siku, na sarafu ndogo ya sokoni ni ya shilingi 50. Kijiji chenye watoto 300 kina haki ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Mwezi wa Mei 2025 tulishangilia kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hata 500,000 kwa mwezi. Tulistahili, wala sitoi neno. Lakini pimeni: watoto 300 kwa mwaka mzima hawafikii mshahara wa mwezi mmoja wa aliye chini kabisa kati yetu.

Tuchukue hesabu nyingine. Wilaya yenye vijiji 100, kila kijiji mlezi mmoja kwa kuanzia, kila mlezi posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi: jumla ni shilingi milioni 120 kwa mwaka. Mwenzangu ushikaye hati za ununuzi wa magari makubwa ya kazi, wewe wajua kama fedha hizo zatosha kununua gari moja. Tena tusisahau kwamba mwaka 2021 Serikali ilipokusudia, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache, na 3,000 kati yake vilikuwa vya shule shikizi, zile zilizowekwa karibu na watoto wadogo wasioweza mwendo mrefu. Kwa hiyo fedha huonekana kunapokuwa na kifungu na siku ya mwisho. Mlezi hana kifungu wala siku.

Wenzangu, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1922 watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga, pamoja na Martin Kayamba, waliunda chama chao. Wakati ule Mwafrika aliandika barua, akatunza majalada, akatafsiri maneno ya baraza, naye akahesabiwa kama kiti cha ofisini. Waliungana ili kazi yao ionekane na kupewa thamani yake. Je, sisi warithi wao tutakaa mezani tukimtazama mtu mwingine afanyaye kazi isiyoonekana, na kalamu tunayo mkononi? Chama kinachojililia chenyewe tu ni debe tupu. Lavuma, halina nafaka.

Basi naomba mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila karani ajazaye fomu ya vituo aongeze mstari ulio na jina la mlezi, malipo yake, na tarehe aliyolipwa mara ya mwisho. Mstari ukiwa mtupu, auache mtupu, wala asiandike kwamba kituo kipo. Kituo kisicho na mlezi ni ghala.

Pili, wakati wa kutengeneza makadirio ya mwaka, wale wetu wa mipango na wa hazina wamwekee mlezi kifungu chake, chenye namba yake, kisichomezwa na «mengineyo». Diwani hawezi kupigania jambo asilolikuta kwenye karatasi.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji asome pale hesabu ya kituo mbele ya wazazi: watoto wangapi, uji siku ngapi, mlezi amelipwa nini na nani. Ndivyo walivyofanya baba na mama zetu wa vijiji vile 168, nao hawakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi.

Na Chama chetu, katika mkutano wake ujao, kilipe neno hili nafasi katika ajenda kabla ya habari za posho za safari. Nitakuwapo, nami nitauliza.

Wasalaam,

KARANI WA MASIJALA,
Nyanda za Juu Kusini.